Mwanambuzi Yatima: Rehema Yenye Kipimo

Familia nyingi za Pwani zina mtu wao aliyeko Turkana. Huyu ni mwalimu aliyepelekwa kazini huko, yule ni muuguzi, mwengine ana duka Lodwar au Kakuma, na mwengine ni binti aliyemfuata mumewe pamoja na watoto. Mkazi wa Mombasa, Malindi au Lamu amezoea maziwa ya dukani na nyama ya buchani. Akifika Lokitaung hukuta kuwa mbuzi ndiye duka, ndiye akiba ya fedha, na ndiye kikombe cha chai ya asubuhi. Haupiti muda mrefu ila jirani hubisha hodi akiwa amempakata mwanambuzi wa siku moja aliyefiwa na mama yake, akamwomba mgeni ampokee kwa kuwa kwao hakuna wa kumnyonyesha.

Hivyo ndivyo mtu ambaye hakuwahi kufuga huwa mfugaji kwa ghafla. Watoto hufurahi, chupa ya zamani ya mtoto hutafutwa kabatini, na mwanambuzi hupakatwa na kunyweshwa hadi tumbo livimbe. Mara nyingi siku ya tatu huwa amekufa, na nyumba nzima hubaki ikijiuliza sababu, ilhali hakuna aliyemnyima kitu. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na yapi ya kufanya ili yasiwe hivyo. Neno kubwa ndani yake ni moja: mnyama mchanga huokolewa kwa kipimo, na kipimo hicho huanza kabla ya chupa kushikwa.

Lokitaung na mbuzi wake

Lokitaung ni mji mdogo wa kaskazini ya Turkana, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kuelekea mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Wazee wetu wanalikumbuka jina lake kwa sababu ya gereza. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walifungwa huko, na Kenyatta alibaki Lokitaung hadi 1959 alipohamishiwa Lodwar. Ni nchi ya mbali na kavu, na ukavu huo ungalipo. Lodwar, makao makuu ya kaunti, hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, nayo ni mvua isiyo na ahadi.

Penye ardhi ya namna hiyo mahindi hayasimami na ng'ombe huhangaika. Mbuzi huishi, kwa kuwa hula majani na makoko ya miti ambayo mizizi yake imezama mbali. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu mbuzi karibu milioni 6 katika Turkana. Lakini mbuzi naye ana kikomo chake. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilipita kaskazini mwa Kenya bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Katika ukame kama huo mbuzi jike huzaa akiwa amekonda na kiwele chake kitupu, na mayatima huwa wengi.

Mbuzi hawa ni wa asili ya Afrika Mashariki, wenye umbo dogo. Jike mzima huwa na kilo 25 hadi 30, na mwanawe huzaliwa akiwa na kilo 2 hivi. Si wale mbuzi mbilikimo wenye asili ya Kamerun na Afrika Magharibi, waliopelekwa Ulaya na Marekani wakafugwa huko kwa kupendwa tu, ambao picha zao hutufikia katika simu wakinyonya chupa mapajani mwa watu. Hata hivyo matumbo yao yameumbwa namna moja na ulezi wao ni mmoja. Picha zile ndizo zinazowapotosha wengi, kama tutakavyoona.

Swali la kwanza: maziwa yatatoka wapi?

Katika wiki zake za mwanzo mwanambuzi huhitaji maziwa yenye uzito wa asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake kila siku. Kwa mwenye kilo 2, hiyo ni mililita 300 hadi 400. Mbuzi wa Turkana anayekamwa wakati wa kiangazi huenda asitoe zaidi ya nusu lita, na mara nyingi hutoa pungufu. Maana yake ni kwamba kumlea yatima mmoja ni kutumia karibu maziwa yote ya mbuzi mmoja. Ikiwa nyumbani yupo mtoto wa miaka miwili anayengoja kikombe chake, basi kila chupa ya mwanambuzi imetoka mahali. Hesabu hii ifanywe usiku ule ule wa kwanza, na baba na mama wa nyumba waifanye pamoja.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Mtoto wa binadamu ana haki ya mwanzo, na hilo halina mjadala. Lakini mnyama naye, akishaingia katika milki yako, ana haki juu yako. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj kinajulikana sana na masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii, ameeleza kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, atalazimishwa moja ya mambo matatu: amuuze, amlishe, au amchinje. Ameeleza pia kuwa haifai kukama kiasi cha kumdhuru mtoto wa mnyama. Na sote tunaijua habari aliyotusimulia Mtume (S.A.W.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha, wala hakumwachia aende akajitafutie.

Zingatia, dada msomaji, kwamba sheria haikumlazimisha mtu kubaki na mnyama asiyemweza. Ilichokikataza ni kumweka na kumnyima. Kwa hiyo anayeona kwamba hana maziwa, wala fedha ya kuyanunua, aseme hivyo mapema na ampeleke mwanambuzi kwa jirani mwenye uwezo. Neno hilo likisemwa siku ya kwanza huwa ni rehema. Likisemwa siku ya kumi, mnyama akiwa mifupa mitupu, huwa limechelewa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiende sokoni kununua mwanambuzi anayenyonya kwa kuwa ni mdogo na wa bei rahisi. Wanazuoni wa Kishafii wamekataza kumtenganisha mnyama na mtoto wake kabla mtoto hajaweza kuishi bila ya maziwa, isipokuwa kwa kuchinjwa. Chupa ni ya yatima wa kweli, au aliyekataliwa na mama yake, au pacha ambaye mama hana maziwa ya kumtosha.

Ukishaamua kumpokea, zipo njia tatu. Iliyo bora ni kumtafutia mama wa kambo: mbuzi aliyefiwa na mtoto wake karibuni. Mbuzi humtambua mwanawe kwa harufu. Kwa hiyo yatima husuguliwa kwa majimaji ya uzazi ya mama huyo, au hufunikwa kwa ngozi ya mtoto aliyekufa, hadi akubaliwe. Njia ya pili ni kugawana. Wafugaji wazoefu hukama upande mmoja wa kiwele na kuuacha wa pili kwa mtoto wa mbuzi, na katika Turkana kazi hii ya kukama iko mikononi mwa wanawake na wasichana. Mgeni asione haya kuwaendea akina mama hao akajifunza. Njia ya tatu ni maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupoa, au maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta, yakikorogwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Usiyazimue ili yadumu, wala usitie sukari.

Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Dhirar bin Azwar, alipokuwa akikama, aache kitu katika kiwele cha kuyaita maziwa mengine. Na imepokewa humo pia kwamba alimwagiza sahaba Sawada bin Rabii awaamuru watu wa nyumbani kwake wawalishe vyema wanyama wao wachanga, na wakate kucha zao wasije wakaviumiza viwele wakati wa kukama. Tazama jinsi rehema yake ilivyofika hadi kwenye ncha ya ukucha.

Dang'a kabla ya yote

Mwanambuzi huzaliwa bila ya kinga yoyote ya maradhi ndani ya damu yake. Kinga hiyo huipata katika dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka mara baada ya kuzaa. Utumbo wake huwa wazi kuipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Zikipita saa 24, mlango huwa umefungwa. Baada ya hapo dang'a itamshibisha lakini haitamkinga.

Basi swali la kumuuliza jirani anayekuletea yatima ni hili: je, amenyonya dang'a? Ikiwa hakunyonya na muda haujapita, tafuta mbuzi yeyote aliyezaa leo au jana katika kijiji, ukamwe kidogo. Ikikosekana ya mbuzi, dang'a ya ng'ombe itafaa. Mpe mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo wa kwanza, ndani ya saa moja au mbili za uhai wake ikiwezekana, kisha rudia hadi afikie mililita 200 au zaidi kidogo kabla siku haijaisha. Asiyepata dang'a kabisa anaweza kuishi, lakini ajue mlezi wake kwamba usafi utabidi ushike nafasi ya kinga.

Siku hiyo hiyo chovya kitovu chake katika dawa ya ayodini, kwani kitovu kibichi ni njia ya vijidudu. Kisha mguse mdomo kwa ndani kwa kidole safi. Ukiwa wa moto, anaweza kulishwa. Ukiwa wa baridi, usimpe maziwa kwanza. Joto la kawaida la mwanambuzi ni nyuzi 39 hivi, na akishuka chini ya 37 tumbo lake husimama kufanya kazi. Maziwa yatakayoingia yatachacha na kumuua. Mkaushe, mfunge kwa kitambaa, mweke karibu na chupa ya maji ya moto iliyofunikwa au kifuani pako, hadi mdomo upate joto. Turkana ni nchi ya jua kali, lakini upepo wa alfajiri juu ya mwili uliolowa humaliza kiumbe cha kilo 2 kwa muda mfupi.

Chupa na namna ya kuishika

Hapa ndipo picha za simu zinapopotosha. Mama aliyelea watoto wake humpakata mwanambuzi chali mkononi, kama alivyompakata mwanawe, kisha akamtia chupa mdomoni. Mwanambuzi hakuumbwa kunyonya hivyo. Akiwa chini ya mama yake husimama kwa miguu minne, shingo ameinyoosha na kichwa amekiinua kidogo. Katika hali hiyo, na kwa kunyonya mwenyewe, mfereji mdogo ulioko kwenye umio hujifunga kama bomba na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne, ambalo ndilo linaloyasaga. Akilazwa chali au akimiminiwa mdomoni, maziwa huenda kusiko. Yakiingia tumbo la kwanza huchacha na kulivimbisha. Yakiingia mapafuni huleta kichomi, nacho humuua baada ya siku mbili tatu. Vifo vingi vya siku ya tatu vina mwanzo wake hapa.

Kwa hiyo msimamishe sakafuni au baina ya magoti yako, utie mkono chini ya kidevu chake, na ushike chupa kwa urefu wa kiwele cha mbuzi. Chupa yoyote safi inatosha, hata ya soda, ikivishwa chuchu ya mpira. Tundu la chuchu liwe dogo: ukiipindua chupa, maziwa yadondoke tone baada ya tone bila kutiririka. Maziwa yawe ya joto la mwili, yaani yakidondoshwa kwenye kiganja cha mkono yasichome wala yasipoze. Akikataa chuchu, paka tone la maziwa kwenye midomo yake, funika macho yake kwa kiganja ili aone giza kama la tumboni mwa mama yake, na umpe muda. Haraka haraka haina baraka, na mwanambuzi asiyejua kunyonya hufundishwa kwa saa nzima bila kulazimishwa.

Ratiba ya siku

Tumbo la mwanambuzi ni dogo, na aliyezaliwa jana hunyonya mama yake mara nyingi, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Tuchukue tena mfano wa mwenye kilo 2.

Katika wiki ya kwanza mpe mara tano, mililita 60 hadi 80 kila mara. Mama Muislamu ana saa yake tayari: baada ya Alfajiri, kabla ya Adhuhuri, baada ya Alasiri, baada ya Magharibi, na kabla ya kulala. Katika wiki ya pili na ya tatu mpe mara nne, na uongeze kipimo kadiri uzito unavyoongezeka. Kuanzia mwezi mmoja milo mitatu inatosha, na kuanzia mwezi wa pili milo miwili. Mpime kila Ijumaa kwa mizani ya dukani. Asiyeongezeka uzito kwa wiki nzima ana tatizo hata akiwa anarukaruka.

Mwachishe chupa akiwa bado na hamu. Mwanambuzi aliyelishwa sawasawa huwa na ubavu ulionyooka, si wenye shimo wala wenye kuchomoza. Atalia akitaka zaidi, na watoto watamwonea huruma na kumwongezea kwa siri. Waelezwe mapema kwamba kikombe cha ziada ndicho kinachomharisha. Kazi ya chupa apewe mtu mmoja au wawili wanaojulikana, na kila mlo uandikwe kwenye daftari, ili asilishwe mara mbili na mama na bintiye bila ya kujua.

Dalili za hatari

Kuhara ndiko kunakoua wengi. Kinyesi cha manjano chenye ulaini kwa anayenyonya ni cha kawaida. Kilicho kama maji si cha kawaida. Punguza kipimo cha maziwa, na katikati ya milo mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale yale tunayopewa zahanati kwa watoto wetu. Usiyachanganye na maziwa katika chupa moja. Kuhara kwenye damu baada ya wiki ya tatu mara nyingi hutokana na vijidudu vya sakafu iliyolowa, na hakutibiwi kwa kubahatisha. Vivyo hivyo kukohoa na kupumua kwa shida, ubavu wa kushoto uliofura kama ngoma, au kutonyonya kwa milo miwili mfululizo. Hapo mtafute daktari wa mifugo wa serikali ya kaunti au mhudumu wa mifugo wa kijiji. Usimpe dawa za vijasumu zilizobaki kabatini kwa ajili ya watu.

Yako pia maradhi ya kundi zima. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo huleta homa, vidonda mdomoni na kuhara, ilizuka Turkana mwaka 2006 na tangu hapo haikusahauliwa. Kinga yake ni chanjo, na yatima wako naye ana haki ya chanjo hiyo afikapo miezi minne hivi. Kampeni ya chanjo ikitangazwa, usiseme, “Mimi nina mmoja tu.”

Usafi wa nyumba, swala na wajawazito

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mkojo na kinyesi cha mbuzi ni najisi, hata akiwa mdogo na ananyonya maziwa peke yake. Hilo lisimzuie mama kulea. Limfanye tu ajipange. Tenga kanga ya kazi hiyo na uivue kabla ya swala. Mwanambuzi asilale chumbani wala asikanyage mswala. Mjengee kizizi kidogo cha miti nyuma ya nyumba, sakafu kavu, kivuli juu, na upepo ukizuiwa upande mmoja. Mtume (S.A.W.) aliruhusu kuswali mahali wanapolala mbuzi na kondoo, na wanazuoni wetu wamesema iwe kwenye pahali palipo safi humo. Wepesi upo, na utaratibu wake upo.

Osha chupa na chuchu kwa maji ya moto na sabuni baada ya kila mlo, na uzitundike juu mbwa wasizifikie. Kwetu Waislamu chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Na Turkana kuna sababu nyingine ya afya. Eneo hili limejulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa wa uvimbe wa maji katika ini na mapafu ya watu, unaotokana na tegu la mbwa, na shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Mbwa huupata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mifugo. Kwa hiyo mnyama akifa, mzoga wake ufukiwe chini sana.

Maziwa yanayonywewa na watu yachemshwe daima, kwani brusela, ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, huingia kwa binadamu kwa maziwa mabichi. Na mama mjamzito asimzalishe mbuzi, wala asiguse kondo ya nyuma au mimba iliyotoka. Baadhi ya maradhi yanayoharibu mimba ya mbuzi yanaweza kuharibu na yake. Kazi hiyo aifanye mwengine, kwa mikono iliyofunikwa.

Anapokua

Kuanzia wiki ya pili mwanambuzi ataanza kuchezea majani kwa meno. Mpe maji safi na majani laini, mkono mmoja kwa siku. Turkana ina hazina yake: makoko ya mgunga, mti ambao wenyeji huuita ewoi, hukusanywa na kuwekwa kwa ajili ya kiangazi, na yakipondwa ni chakula bora cha kuanzia. Upo pia esekon, nao ni mti ule ule wa mswaki tunaoujua sote, ambao majani yake huliwa na mifugo. Jihadhari na makoko ya mathenge kuwa chakula cha kila siku. Utamu wake hukwama kwenye meno na kuyaozesha, na wafugaji wa Baringo waliwahi kumpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi wa malalamiko yao dhidi ya mti huo.

Tumbo la kwanza likishazoea majani, ataanza kucheua. Hiyo ni habari njema, maana yake sasa anaweza kujilisha. Afikapo wiki ya nane hadi ya kumi na mbili, akiwa anakula vizuri na uzito wake umekuwa mara tatu ya ule aliozaliwa nao, punguza chupa polepole kwa siku kumi hivi hadi uiache. Usimwachishe katikati ya ugonjwa au safari.

Tangu mapema mchanganye na mbuzi wenzake, hata kwa saa chache katika kundi la jirani. Mbuzi aliyelelewa na watu peke yao hajui kujihami wala kutafuta malisho. Ikiwa ni dume, mchezo wa kugongana kichwa na watoto ukatazwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu kinachochekesha akiwa na kilo 3 kitavunja mkono wa mtoto akiwa na 30. Wanazuoni wa Kishafii wameruhusu kumhasi mnyama wa kuliwa akiwa mdogo, na wamekataza akiwa mkubwa. Kwa hiyo jambo hilo liamuliwe mapema, na lifanywe na mjuzi.

Liamuliwe mapema pia, na liambiwe watoto, ni kwa nini mbuzi huyu anafugwa. Jike atakuwa wa maziwa, na Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Bibi Ummu Hani (R.A.) afuge mbuzi na kondoo kwa kuwa mna baraka ndani yao. Dume huenda akawa wa akika au wa kuchinjwa Idi, na katika madhehebu yetu mbuzi wa udhuhiya hutimiza miaka miwili, asiwe mgonjwa, wala kiwete, wala chongo, wala aliyekonda. Mtoto aliyeambiwa hivyo tangu chupa ya kwanza hujifunza kumpenda mnyama na kumtoa kwa ajili ya Mola wake. Asiyeambiwa huona siku ya Idi kuwa amedhulumiwa. Na familia ambayo Mwenyezi Mungu ataibariki hadi ifikishe mbuzi arobaini wa malishoni kwa mwaka mzima, ijue kuwa hapo zaka ya mbuzi mmoja imewalazimu.

Mitume walichunga, na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliwachungia watu wa Makka mbuzi na kondoo kwa ujira. Wanazuoni wameona katika uchungaji ule mafunzo ya subira na upole kwa walio dhaifu. Mama wa Pwani anayeamka Lokitaung kabla ya jua, akapasha maziwa, akayapima kwenye kikombe, akamsimamisha yatima sawasawa na kuiondoa chupa kwa wakati wake, yumo katika mafunzo hayo. Ajue kwamba Mtume (S.A.W.) ametubashiria ujira kwa kila chenye ini lililo hai tunachokitendea wema.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awateremshie ndugu zetu wa Turkana mvua yenye manufaa, azibariki mifugo yao na maziwa ya watoto wao, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza haki za walio chini ya mikono yao. Amin. Wallahu a'lam.